Ajali Ina Mwenyewe

Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena likielekea Kericho liliacha njia katika makutano ya Londiani. Lilizoa matatu, magari madogo, bodaboda zilizokuwa zikingoja abiria na wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya lami. Watu 52 walikufa. Miongoni mwao walikuwemo ambao hawakuwa wamepanda chombo chochote. Walikuwa wamesimama kwa miguu yao wenyewe, penye riziki yao.

Ukifika kwenye matanga ya namna hiyo, iwe Londiani, Kapsoit, Litein au Kaplong, utasikia maneno matatu kabla hujapewa kiti: ajali haina kinga. Kama neno la kumfariji mfiwa, halina ubaya. Ubaya unaanza linapotoka matangani likaingia kituo cha polisi na kugeuka hukumu. Hapo maana yake huwa kwamba hakuna aliyekosa, hakuna anayedaiwa, na mwenye kutaja fidia anatafuta pesa ya damu.

Imani hiyo ni ya uongo, na inawagharimu maskini wa Kericho na Bomet kuliko mtu mwingine yeyote.

Tuitazame barabara yenyewe. Kutoka Kericho kupita Litein na Kapkatet hadi Sotik, kuna mahali chai imepandwa mpaka karibu na ukingo wa lami. Pembeni ni mtaro, na baada ya mtaro ni michai. Mchumaji mwenye kikapu mgongoni, au mtoto anayetoka shule, hana njia nyingine ya kupita ila mstari mwembamba uliobaki kati ya tairi na mtaro. Asubuhi kuna ukungu, alasiri kuna mvua, na malori ya majani mabichi yanakimbilia kiwandani kabla majani hayajaharibika. Kila dereva wa eneo hili anayajua hayo. Anayeendesha kwa kasi mahali anapojua fika kwamba watu hutembea hawezi kusema baadaye kwamba Mungu ndiye aliyeshika usukani.

Hali hii si ya Kericho pekee. Kwa mujibu wa takwimu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote, zaidi ya theluthi, ni la wanaotembea kwa miguu. Hata hivyo, msiba ukitokea, lawama hushuka kwa aliye chini. Baada ya Londiani, amri iliyosikika sana ni ile ya kuwahamisha wachuuzi kutoka kando ya barabara, kana kwamba meza ya nyanya ndiyo iliyolifuata lori.

Mahakama za Kenya hazioni mambo hivyo. Jaji huuliza swali rahisi: nani alizembea, na kwa kiasi gani? Hata mtembea kwa miguu akionekana alivuka bila kuangalia, kesi yake haifi. Lawama hugawanywa, pengine nusu kwa nusu, pengine dereva asilimia 70 na yeye 30, kisha fidia inapunguzwa kwa kiwango hicho. Kuhusu watoto, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1983 kwamba mtoto wa chini ya miaka 10 habebeshwi lawama ya uzembe. Kwa hiyo yale maneno ya "alikimbia barabarani mwenyewe", yanayomnyamazisha mama kando ya kitanda cha hospitali, hayana uzito ambao watu huyapa.

Na hizo zinazoitwa pesa za damu ni pesa za nani? Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha kila gari linaloingia barabarani liwe na bima ya kumfidia mtu wa nje litakayemuumiza au kumuua. Mwenye gari analipa bima hiyo mwaka hadi mwaka, na kampuni inapokea ikijua kwamba imeuza ahadi ya kumlipa yule mama wa kikapu. Ahadi hiyo inafika hadi shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Wabunge waliuweka ukomo huo, na Mahakama Kuu ikauacha usimame mwaka 2016. Familia ikikaa kimya, dereva haokoi chochote. Zinazobaki na pesa ni kampuni za bima.

Malori ya kutoka nchi jirani nayo hayaponyoki. Yanavuka mpaka yakiwa na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo kazi yake ni kulipa madhara yatakayotokea katika nchi ya ugenini.

Lakini fikiria jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Siku ya tatu au ya nne, ndugu wa dereva wanakuja na wazee. Boisiek, yaani wazee hao, wa pande zote mbili wanaketi, mursik, maziwa ya kuchachushwa, inamiminwa, maneno mazuri yanasemwa. Inatolewa bahasha ya kulipia hospitali au jeneza. Kisha linatolewa karatasi la makubaliano: familia imepokea, imesamehe, haitadai tena. Baba aliyekesha wodini siku tatu anaandika jina lake chini. Wazee hawana nia mbaya, na desturi ya kupatana ni hazina ya Wakipsigis isiyopaswa kudharauliwa. Ila karatasi lile wakili wa bima atalishika mahakamani kama mkuki. Dereva aombe radhi, apeane mikono na wafiwa, asaidie mazishi; hayo yote yafanyike bila mtu kutia sahihi ya kuacha haki yake.

Kuna jambo moja linalofanya imani hii iwe ya ajabu zaidi katika nchi hii ya chai. Hawa ni watu wanaojua kudai. Mkulima wa Mogogosiek au Momul anajua bonasi yake hadi senti, na ikipungua atasimama mkutanoni aulize. Wachumaji zaidi ya 1,000 wa mashamba ya James Finlay walipeleka kilio cha migongo yao hadi mahakama ya Edinburgh, Uskoti. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walifikisha Strasbourg, mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, madai yao dhidi ya Uingereza juu ya ardhi waliyonyang'anywa wakati wa ukoloni. Hakuna aliyewaambia kwamba ardhi ile ilikwenda kwa mapenzi ya Mungu. Jamii inayodai fidia ya dhuluma ya karibu karne nzima iliyopita inakuwaje ione haya kudai ya mguu uliovunjwa juzi?

Wasemao kwamba kesi huchukua miaka na mawakili hula zote hawasemi bure. Wapo madalali wanaozunguka wodini wakikusanya majina ya majeruhi kabla dawa ya ganzi haijaisha. Zipo kampuni za bima zilizoanguka na madai mikononi, kama Blue Shield iliyowekwa chini ya msimamizi mwaka 2011. Yapo magari yanayogonga na kutoweka, na bodaboda zisizo na bima. Hayo ni maovu ya kweli. Lakini dawa ya dalali ni kumtafuta wakili mwenyewe, na kujua kwamba Sheria ya Mawakili hairuhusu mkataba wa wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Na gari likiwa halina bima, mwenyewe bado anashtakiwa, hata kama siku ile usukani alikuwa amemwachia kijana wake wa kazi.

Kosa jingine ni kungoja kesi ya trafiki. Dereva akitozwa faini, faini inakwenda serikalini. Mjane hapati hata shilingi. Faida yake kwa familia ni kwamba hukumu ile ya hatia hutumika kama ushahidi katika kesi ya madai, ambayo ni lazima ifunguliwe peke yake.

Kinachohitajika mwanzoni si pesa nyingi. Ni karatasi. Tukio liandikwe polisi na namba ya OB, daftari la matukio, ichukuliwe. Abstrakti ya polisi isomwe vizuri kabla ya kukunjwa: namba ya gari, jina la mwenye gari, jina la dereva, kampuni ya bima, namba ya bima na tarehe inapokwisha. Nafasi moja ikiachwa wazi, familia irudi ikajaziwe. Fomu ya P3, ya polisi ya kuelezea majeraha, ijazwe na daktari, risiti za hospitali ziwekwe zote, na aliyeona ajali aombwe namba ya simu siku ileile, kwa sababu wiki ijayo atakuwa amehamia shamba jingine.

Aliyeumia ana miaka 3 ya kufungua kesi tangu siku ya kugongwa. Waliofiwa wana miaka 3 tangu siku ya kifo, na mke, mume, wazazi na watoto wote wanahesabiwa. Gari likiwa la serikali, muda ni miezi 12 tu. Kwa jamaa za waliouawa papo hapo Londiani, hesabu hiyo inakomea tarehe 30 Juni 2026.