Bendera ya Taifa si Bidhaa

Mwananchi asimamaye Ubungo, mahali Barabara ya Mandela inapokutana na Barabara ya Morogoro, huyaona malori ya mafuta yakitoka bandarini na kuelekea Zambia na Kongo. Wengi huuona msongamano tu. Lakini kupita kwa mafuta mahali hapo kuna historia ambayo kila mtumishi wa umma na kila mwalimu hana budi kuikumbuka.

Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao wenyewe ili kuwanyima Waafrika walio wengi haki yao. Mwezi uliofuata vikwazo vya mafuta viliwekwa dhidi yao, na Smith akalipiza kisasi kwa kuifungia Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia Rhodesia. Hapo Tanzania, nchi maskini iliyokuwa na umri wa miaka minne tu tangu Bara ipate uhuru, ilibeba mzigo wa jirani yake. Mapipa yalipakiwa katika malori, yakapita njia hiyo ya Morogoro, yakapanda Iringa hadi Tunduma. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, na ajali zilikuwa nyingi hata ikajulikana kama Njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi.

Wakati wananchi wa Tanzania na Zambia wakilipa gharama hiyo, baharini kulikuwa na mchezo mwingine. Aprili 1966 meli ya mafuta iitwayo Joanna V ilitia nanga Beira, mahali palipoanzia bomba la kwenda Rhodesia. Ugiriki iliifuta katika daftari lake. Ikajisitiri chini ya bendera ya Panama, na Panama nayo ikaikana. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likalazimika kupitisha azimio namba 221. Baadaye, mwaka 1978, ripoti ya Bingham nchini Uingereza ilidhihirisha kwamba kwa miaka mingi makampuni makubwa ya mafuta yalikuwa yakiifikishia Rhodesia mafuta kwa njia za kuzunguka. Funzo ni dhahiri: vikwazo vya mafuta havivunjwi kwa mizinga. Huvunjwa kwa karatasi, kwa jina jipya, kwa wakala wa mbali na kwa bendera ya kuazima.

Basi ilikuwa aibu kubwa mwaka 2012 ilipobainika kwamba bendera iliyoazimwa safari hii ilikuwa ya Tanzania. Meli za mafuta za Iran, nchi iliyokuwa imewekewa vikwazo na Marekani pamoja na Umoja wa Ulaya, ziliandikishwa katika daftari la meli la Zanzibar kwa mkono wa wakala aliyekuwa Dubai. Habari hizo hazikutoka katika ofisi ya Tanzania. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, ndiye aliyemwandikia barua Rais Kikwete. Baada ya uchunguzi Serikali ilikiri, ikatangaza kuzifuta meli 36 na kuvunja mkataba na wakala huyo.

Wapo waliouliza, na swali lao lilikuwa la haki: kwa nini nchi huru isiyofungamana na upande wowote itii amri ya taifa kubwa? Ni kweli kwamba vikwazo vya Baraza la Usalama humfunga kila mwanachama wa Umoja wa Mataifa, lakini vikwazo vya taifa moja moja si sheria ya dunia. Serikali yaweza kuvikubali au kuvikataa. Lakini uamuzi huo ni wa Serikali, na hufanywa waziwazi baada ya kupima faida na hasara. Wakala anayeamua kwa niaba ya taifa zima kwa sababu amelipwa ada hatetei uhuru wa taifa. Anauuza. Nchi inayoambiwa na wageni ni nani anayepeperusha bendera yake imekwisha kupoteza sehemu ya uhuru wake kabla hata ya kubishana na mtu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unataka pawepo uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi yenye bendera, na nchi hiyo iisimamie meli ipasavyo. Hata hivyo funzo la 2012 halikushika. Januari 2018 Rais Magufuli alilazimika kusimamisha uandikishaji wa meli za kigeni na kuagiza meli 470 zichunguzwe, baada ya meli zenye bendera ya Tanzania kukamatwa ng'ambo, moja ikiwa na madawa ya kulevya na nyingine ikiwa na vilipuzi.

Kazi inayotakiwa si ya miujiza. Meli ya biashara ya kimataifa hupewa namba ya tarakimu saba isiyobadilika hata meli ikibadili jina mara kumi. Ofisa anayeifuata namba hiyo atajua meli ilikotoka. Amwulize mwombaji mwenye meli hasa ni nani, bima yake iko wapi, na kwa nini ilizima chombo cha kutangaza mahali ilipo. Asiyepata jibu asigonge mhuri. Wala Bara na Visiwani wasisukumiane lawama: daftari la meli za kigeni liko Zanzibar, lakini bendera ni ya Jamhuri ya Muungano. Ada ya uandikishaji ni ndogo. Hasara, meli ikikataliwa bandarini au mabaharia wake wakitelekezwa, ni kubwa.

Walimu nao wawaeleze vijana kwa nini malori hupita Ubungo. Walioendesha malori katika Njia ya Jehanamu walilijengea jina la Tanzania heshima kwa jasho, na wengine kwa maisha yao. Heshima hiyo haina budi kulindwa na kila mtumishi aliyekabidhiwa mhuri wa taifa.