Mang'ula: Stesheni Iliyo Mlangoni pa Mlima

Hifadhi nyingi za Tanzania zina sharti lisiloandikwa langoni: uje na gari. Huna gari, ukodi. Huna cha kukodia, ukatazame simba kwenye runinga. Milima ya Udzungwa haina sharti hilo, kwa sababu ndani yake hakuna barabara za kuwazungusha wageni. Ukifika lango la Mang'ula, hata kama umekuja na gari la bei ya nyumba, utaliegesha na kukaza kamba za viatu sawa na yule aliyeletwa na bodaboda.

Na kutoka stesheni ya Mang'ula, kwenye reli ya TAZARA, hadi makao makuu ya hifadhi ni mwendo wa miguu wa kama nusu saa. Sioni hifadhi nyingine ya milima nchini ambayo reli imeisogelea kiasi hicho. Hata hivyo wageni karibu wote hufika kwa barabara, wakikata kusini pale Mikumi na kuteremka kilomita sitini na kitu hadi Mang'ula. Treni hupita pembeni ya mlima kana kwamba haina habari nao. Swali langu ni kama hali hiyo ni ya kuachwa ilivyo, hasa sasa ambapo reli yenyewe inakabidhiwa mikono mipya.

Tuanze na mlima. Udzungwa ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na imo katika Tao la Mashariki, ule mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia huku kusini. Upande unaotazama bonde la Kilombero, msitu unapanda bila kukatika kutoka kama mita 250 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000. Kilele cha juu kabisa, Luhombero, kinapita mita 2,500. Ni huku ambako mwaka 1979 watafiti walisikia mlio wa nyani wasiyemfahamu kitaalamu, wakati wenyeji walikuwa na jina lake siku zote: ng'olaga. Leo vitabu vinamtambulisha kwa jina la kijiji cha Sanje, na hapatikani mahali pengine popote duniani nje ya milima hii. Kuna pia mbega mwekundu wa Udzungwa, na kuna sange mwenye uso wa kijivu aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2008, juzi tu.

Wanyama hawa hawaonekani dirishani mwa gari. Maporomoko ya Sanje, yanayoshuka mita 170 kwa hatua tatu, ni safari ya nusu siku kwa mguu. Kilele cha Mwanihana ni siku tatu, usiku mbili ukilala hemani. Ndiyo maana nasema hifadhi hii inamfaa msafiri wa treni kuliko zote. Linganisha na Tsavo. Tangu mwaka 2017 treni ya Mombasa hadi Nairobi inakatiza Tsavo na kusimama Voi, na wengi huisifu kwa kuwaona tembo wakiwa vitini mwao. Lakini ukishuka Voi unaanza upya: Tsavo ni nchi ya magari, na bila gari unabaki stesheni na begi lako. Mang'ula ukishuka, umeshafika.

Kwa nini basi hawashuki?

Jibu la haraka ni kwamba treni haiaminiki, na ni la kweli kwa sehemu kubwa. Miaka mingi sasa safari za abiria za TAZARA zimejulikana kwa kuchelewa, kwa saa nyingi na pengine kwa siku nzima, na zipo nyakati ambapo zimesimama kabisa. Msafiri mwenye likizo ya siku nne hawezi kuzicheza kamari. Lakini hata treni ikienda kwa saa yake, ratiba iliyozoeleka haikutungwa kwa ajili ya mlima. Garimoshi huondoka Dar es Salaam alasiri, jua linazama likiwa linakatiza Hifadhi ya Nyerere, na Mang'ula inafikiwa usiku. Treni ya haraka kwa kawaida hupitiliza hadi Ifakara. Inayosimama Mang'ula ni ile ya kawaida. Mgeni anayeshushwa gizani, kwenye stesheni ndogo, hajui mlima uko kushoto au kulia, atakuwa na ujasiri wa kuwasimulia wenzake waje kwa njia hiyo? Mimi nisingewalaumu wakikata tiketi ya basi.

Mpinzani wangu ana hoja nyingine nzito zaidi. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, ambayo zamani masika yaliigeuza tope, imewekwa lami. Halafu kuna treni ya umeme ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Anayetaka Udzungwa leo anaweza kuipanda hadi Morogoro asubuhi, akachukua basi la Ifakara, na jioni akawa Mang'ula. Nakiri: kwa leo hiyo ndiyo njia ninayoweza kumshauri ndugu yangu bila kuona haya. Lakini ni njia ya mtu mmoja mmoja. Haijibu kwa nini tuache bila kazi stesheni iliyo mlangoni pa hifadhi.

Reli ya TAZARA haikujengwa kwa ajili ya watalii, na hilo linaeleza mengi. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa wazungu wachache mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kupeleka shaba baharini bila kupita kusini. China ikatoa mkopo usio na riba, kazi ikaanza mwaka 1970, na mwaka 1976 kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zikakabidhiwa. Abiria walipewa nafasi, wakaipenda, lakini mwenye reli siku zote alikuwa shaba. Sasa shaba inarudi kwa kishindo. Mwaka 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya China mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha TAZARA, wenye thamani ya dola bilioni 1.4. Mwekezaji wa namna hiyo anahesabu tani. Abiria kwake ni mgeni anayeichelewesha mizigo kwenye reli ya njia moja, ambako treni mbili hazipishani ila penye stesheni.

Kwa hiyo wakati wa kudai ni huu, kabla mazoea mapya hayajaota mizizi. Na anayepaswa kudai si mtalii, ni Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na TANAPA. Tabia ya wapangaji wetu inajulikana. Mradi wa kukuza utalii wa kusini, uliokopeshwa dola milioni 150 na Benki ya Dunia mwaka 2017 kabla benki hiyo haijausitisha mwaka 2024, uliitaja Udzungwa pamoja na Ruaha, Mikumi na ile iliyokuja kuitwa Nyerere. Mawazo yakaenda kwenye barabara na viwanja vya ndege. Kwa Ruaha naelewa. Kwa hifadhi ya kutembea kwa miguu, nashangaa.

Ninachokipendekeza ni kidogo. Treni moja ya mchana, Ijumaa, inayoondoka Dar es Salaam alfajiri na kurudi Jumapili. Mabehewa manne au matano, yasiyo na anasa. Abiria wa kuiendesha wapo tayari: wakazi wa Kidatu, Mang'ula na Ifakara wenye mchele na ndizi zao, wanafunzi, wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Mtalii awe nyongeza juu yao. Treni inayomtegemea mtalii peke yake hufa msimu wa mvua.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa utalii hulipita haraka. Hadi mwaka 2011 wanavijiji wa kandokando ya mlima waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa ikaondolewa ili kuulinda msitu. Sipingi ulinzi, ila mama aliyekuwa akipikia kuni hizo aliona hasara yake siku hiyo hiyo, wakati faida ya hifadhi aliambiwa aisubiri. Mgeni wa gari la kampuni huja na maji, chakula na dereva, hupanda Sanje, na jioni yuko Mikumi. Aliyeshuka kwenye treni hawezi kuondoka mpaka treni irudi. Atalala gesti, atakula wali kwa mama ntilie, ataongozwa na kijana wa pale, na atapanda bodaboda kwenda Sanje, kama kilomita kumi hivi. Shilingi yake ni ndogo, lakini inabaki Mang'ula.

Wapo wanaohofia kwamba wageni wengi watauchosha msitu, na tembo wanaovuka bonde kati ya Udzungwa na Nyerere watakosa amani. Lakini tembo hao wameshatengenezewa ushoroba wa kupita, wenye kivuko cha chini ya barabara, na kinachowatisha zaidi ni malori na mashamba yanayobana pande zote. Treni mbili za abiria kwa wiki si kitu mbele ya treni za shaba zinazokuja.

Msafara huo wa shaba utapita Mang'ula mchana na usiku, usimame au usisimame. Gharama ya kusimama ni dakika tano na taa moja ya stesheni.