Kigoda cha Babu Kina Bei Gani?



Jumamosi iliyopita nilitoka Kilosa kwenda Mikumi kumtazama ndugu yangu. Kando ya barabara kuu iendayo Iringa nikaona kibanda cha vinyago, vinavyowangoja wageni wanaokwenda kutazama wanyama. Katikati ya vinyago palikuwa na vigoda viwili.

Kijana mwenye kibanda akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Vigoda hivi vya wapi?"

"Vya kale hivyo, mwalimu. Vya machifu."

"Chifu yupi?"

Akacheka tu. Nikakigeuza cha kwanza. Chini mti ulikuwa mweupe kabisa. Juu kimepakwa mafuta na kufukizwa moshi. Cha pili kilikuwa kingine. Pa kukalia palikuwa pamelika kwa miaka mingi, na mguu mmoja uliopasuka umefungwa waya wa shaba. Mtu fulani alikipenda hata akakitengeneza. Nikauliza bei. Kila kimoja shilingi 150,000! Cha kweli na cha uongo bei moja, kwa sababu hakuna ajuaye habari zake. Cha pili alikinunua kwa mchuuzi apitaye vijijini na pikipiki.

Jumapili jioni nilirudi Kilosa, nikapita kwa bibi mmoja jirani yetu, mjane. Akaniambia, "Mjukuu wangu, Jumanne anakuja mtu kununua kigoda cha marehemu. Atanipa elfu kumi na tano. Watoto hawana sare za shule."

Ndugu zangu, hapo sikuwa na neno la kumlaumu. Mwenye shida haambiwi, "Tunza mila," akaachwa na shida yake. Lakini nilimwuliza, "Bibi, kigoda hiki ni chako?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Alikiacha mjomba wake marehemu." Nanyi mnajua, kwetu Wasagara na Wakaguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Basi wapwa wa marehemu wana neno katika jambo hili. Tukawaita usiku uleule.

Walipokuwa wakija, nilichukua daftari nikaandika maneno ya bibi: nani alikichonga, kwa mti gani, nani alikikalia, kilitolewa nje siku zipi. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia, nami najua jambo moja: aliyeandikwa miaka sitini iliyopita hupatikana leo kwa dakika chache, asiyeandikwa hutafutwa hata wazee wakachoka. Huko Ulaya majumba ya makumbusho yana viti vya kwetu na vile vinyago vidogo vya mwana hiti walivyopewa wasichana. Mara nyingi chini yake limeandikwa jina la kabila tu. Mwenyewe hajulikani, wala mchongaji.

Tena iko sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kupeleka vitu vya namna hiyo nje ya nchi bila kibali cha serikali. Mchuuzi hatakwambia hayo. Ukiwa na shaka, mwulize Afisa Utamaduni wa wilaya.

Basi nawashauri mambo matatu. Kwanza, leo jioni mwambie mtoto ajuaye kuandika achukue daftari, nawe umsimulie habari za kila kitu cha zamani kilichomo nyumbani. Pili, kitu cha ukoo kisiuzwe na mtu mmoja peke yake. Tatu, kabla ya kumlaumu mzee auzaye, mwulize ana shida gani.

Wapwa walikuja watatu. Maneno yalikuwa makali kidogo, kisha wakaahidi kuchanga fedha za sare kabla ya Jumanne. Mmoja ametoa tayari, wawili tunawangoja. Kigoda kingali mlangoni pa bibi.

Mwacha asili ni mtumwa. Lakini na mwenye kuitunza asiachwe peke yake.