Basi la Saa 12 Linaloondoka Saa 3: Tuache Kumkimbiza Dereva

Wadau, najua hii klipu umeshatumiwa zaidi ya mara moja. Mwanadada mmoja wa bongo muvi, jina kapuni, yuko pembeni ya barabara maeneo ya Chalinze, miwani ya jua usoni, hindi la kuchoma mkononi, anafoka kwa sababu Coaster aliyokuja nayo imemwacha. Walikuwa wanaenda Mikumi kula bata wikiendi. Akashuka kuchimba dawa, akaunganisha na mahindi, akaunganisha na picha, wenzake wakapiga honi mpaka wakachoka. Ikabidi achukue bodaboda kuwafukuzia.

Mtandaoni watu wamegawanyika. Kuna wanaocheka mpaka machozi, na kuna wanaosema wale si marafiki, staa mzima anaachwaje njiani kama furushi la mtu asiyejulikana?

Mimi nasema hivi: kuachwa kwake ni kichekesho tu. Ana simu, ana hela, na Chalinze ni mji una watu, si porini. Kinachonikera ni klipu ya pili ya safari hiyohiyo, ambayo wengi mmeipita bila kuitazama mara mbili. Ndani ya basi muziki uko juu, watu wamesimama kwenye korido, kijana mmoja anampigapiga dereva begani huku wote wanaimba: "Kanyaga! Kanyaga!" Dereva anacheka kile kicheko cha mtu asiye na la kufanya. Kisa? Tangazo kwenye grupu lilisema basi linatoka Mwenge saa 12 asubuhi. Lilitoka saa 3.

Hapo ndipo penye tatizo letu, na si la mastaa peke yao. Ni la kila grupu la WhatsApp lililowahi kuchangishana kwa M-Pesa kwenda popote. Admin anaandika saa 12 akijua watu watakuja saa 1. Watu nao wanajua admin anadanganya, wanakuja saa 2. Na yule mwenye jina kubwa anakuja saa 3 kasoro, hajapiga hata mswaki, anasema "jamani foleni". Waliofika mapema wamekaa kwenye viti masaa matatu, wamenuna. Safari ikianza, kila mmoja anataka deni la muda lilipwe, na anayetakiwa kulilipa ni mtu pekee ambaye hakuchelewa: dereva.

Sasa tupige hesabu ndogo. Kutoka Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 200. Basi linaruhusiwa mwisho 80 kwa saa, na ukiingia kwenye makazi ya watu mwisho ni 50. Hata tuseme barabara yote ni nyeupe, hakuna kijiji, hakuna lori, kwa 80 utatumia saa mbili na nusu. Ukitaka kufidia saa moja tu kati ya zile tatu mlizopoteza, inabidi uende kwa saa moja na nusu. Hiyo ni kasi ya zaidi ya 130. Coaster, abiria wamesimama wanacheza, na barabara ina malori ya mizigo yanayoenda Zambia na Kongo. Haiwezekani, wadau. Muda uliopotea Mwenge haupatikani Mlandizi.

Na mnakoenda ni Mikumi! Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na mwendo wa mchana ni mwisho 70, usiku 50. Vibao vipo, na kuna faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Ukichelewa kutoka Dar unapita pale giza likiingia, na tembo hawashi taa wakati wa kuvuka barabara.

Najua kuna atakayesema: "Acha uzee, bila vituko safari haina stori." Nakubaliana naye kabisa! Vituko ndiyo utamu wenyewe. Pancha ikitokea, watu wakashuka kumpa konda moyo wakati yeye ndiye anafungua nati, hiyo ni stori. Mtu kula mihogo, mishikaki na soda ya baridi kwa mpigo, halafu kona zikaanza na mnakumbuka mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, kofia ya mtu ikaokoa jahazi, hiyo ni stori ya kusimuliwa harusini. Mkapigwa tochi, trafiki akamtambua msanii akataka picha lakini bado akaandika faini, hiyo nayo ni stori. Lakini vituko vyote hivyo vina sifa moja: watu wanarudi nyumbani kuvisimulia.

Kuna jambo jingine ambalo halipigwi picha. Bajeti ya safari hizi huwa na spika kubwa, fulana zenye maandishi, mpiga picha, keki na droni. Kitanda cha dereva hakimo. Jumamosi usiku mnakesha mkicheza, yeye analala kwenye siti za nyuma, magoti yamefika kidevuni, muziki wenu ukimgonga kichwani. Jumapili mchana mnalala nyote, mmemwachia roho zenu mtu mwenye usingizi kuliko ninyi. Halafu mnasema safari ilikuwa salama kwa sababu mlifika.

Na msijidanganye kwamba dereva atakataa. Basi la abiria wa kawaida lina ratiba na kituo cha kuondokea, dereva anaweza kusema "hapana, ratiba hairuhusu". Dereva wa kukodi bosi wake ni ninyi. Akikataa kukanyaga anaitwa mzembe, ananyimwa ile hela ya ahsante, na wiki ijayo mnampa kazi mwingine. Kwa hiyo hilo "hapana" inabidi litoke kwenye viti vya abiria. Hata mmoja tu akisimama na kusema "kaka, twende taratibu, tukifika saa 2 usiku poa tu", dereva anapata pa kujishikiza.

Kwa hiyo pendekezo langu ni jepesi. Saa iandikwe ya ukweli, na ikifika basi liondoke, hata kama aliyebaki ana wafuasi milioni. Atapanda basi jingine, atatukuta. Mkichelewa wote, punguzeni vituo vya picha na msiguse mwendo. Kwenye mchango, chumba cha dereva kiandikwe kabla ya spika. Na mtu mmoja asiyekunywa akae siti ya mbele, kazi yake iwe kupiga naye stori na kumlinda na nyie wa nyuma.

Yule dada wa Chalinze atanuna wiki mbili, atasahau. Kuna familia hazijasahau. Uliza hapo mtaani kwenu, hutakosa nyumba yenye picha ukutani ya kijana aliyekuwa anaenda kula bata.

Haya, mwaga maoni: ungekuwa wewe ndani ya ile Coaster, ungemsubiri staa, au ungemwambia dereva twende? Na wale wa "kanyaga", jitokezeni tuwajue.