Shem Karenga si "Asha" peke yake
Ahsanteni kwa kumkumbuka mzee wetu, ila mmeishia kwenye wimbo wa "Asha" kana kwamba hakutunga kingine. Huyu mwana wa Kigoma aliimba na bendi ya Tabora Jazz, wana wa mtindo wa Segere Matata, na huku mtaani kwetu Mtendeni nyimbo za bendi ile zikipigwa harusini hata bibi mwenye fimbo anainuka. Lakini tazameni flashi ya mpiga muziki wa harusi hizo: faili limeandikwa "zilipendwa" tu, hakuna mtunzi, hakuna bendi. Inauma kwelikweli! Karenga alifariki 2014, lakini nyimbo zisipotee bila majina. Shirika la utangazaji la TBC wanayo mikanda ya zamani ya Redio Tanzania. Watoe albamu nzima yenye majina ya waimbaji na wapiga solo wote, kisha wamgeukie mwanamuziki Salum Zahoro na bendi yake ya Kiko Kids.