Mwanzo wa Ngoma ni Lele



Wahenga walisema: mwanzo wa ngoma ni lele. Ngoma haianzi kwa kishindo. Huanza kwa sauti ya kinywa, taratibu, kisha wapigaji na wachezaji wakaingia mmoja baada ya mwingine hadi uwanja ukakolea. Methali hiyo ndiyo ninayopenda ituongoze juma hili, tunapotafakari jambo ambalo vijana wengi hulitamani na wachache hulifikia: kujifunza kupiga gitaa la solo, yaani gitaa lile linaloachiwa nafasi ya kusema peke yake mwimbaji anaponyamaza.

Maoni yangu nayatoa mapema. Vijana wengi wanajifunza solo kinyumenyume. Wanaanza na mwendo wa vidole, wakiamini kwamba siku vidole vitakapokuwa vyepesi vya kutosha, wimbo utakuja wenyewe. Hauji. Wimbo huanza masikioni na kinywani, ndipo ushuke vidoleni. Na katika muziki wa roki, sioni mwalimu anayeuonyesha ukweli huo vizuri kuliko Mwingereza David Gilmour, mpiga gitaa wa kundi la Pink Floyd.

Gilmour alizaliwa Cambridge tarehe 6 Machi 1946. Katika ujana wake alijifunza gitaa kwa kitabu na santuri ya mafunzo ya Mmarekani Pete Seeger, na kwa kuwasikiliza wapigaji waliomtangulia, akiwemo Hank Marvin wa kundi la The Shadows. Aliingia Pink Floyd mwaka 1967 ukielekea kwisha na 1968 ukianza, wakati rafiki yake wa ujanani, Syd Barrett, alipokuwa hawezi tena kuubeba mzigo wa kundi. Miaka iliyofuata ilizaa albamu zinazosikilizwa hata leo: The Dark Side of the Moon mwaka 1973, Wish You Were Here mwaka 1975, na The Wall mwaka 1979. Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu hakusifika kwa kasi. Mwenyewe amekiri hadharani kuwa vidole vyake si vyepesi. Je, aliwezaje basi kugusa mioyo ya watu wengi hivyo? Naona mambo matatu.

Jambo la kwanza ni ukimya. Katika wimbo Shine On You Crazy Diamond, uliomo katika albamu ya 1975, kuna mahali ambapo gitaa linatoa noti nne tu: B flati, F, G na E. Zinapigwa, zinaachwa zilie mpaka zififie, kisha zinarudiwa. Noti tatu za kwanza zinakaa kwa utulivu ndani ya skeli ndogo ya G. Ile ya nne inatoka nje kidogo ya skeli hiyo kama ilivyozoeleka, na kumwacha msikilizaji na swali lisilojibiwa. Gilmour aliziokota noti hizo walipokuwa katika mazoezi. Mwenzake Roger Waters alipozisikia akaguswa, na kutoka hapo ukajengwa wimbo mrefu wa kumlilia Barrett, ambaye alikuwa hai lakini amekwisha kuwapotea. Tazameni: noti nne zilitosha kuamsha maombolezo ya kundi zima. Lau angejaza nafasi ile kwa noti arobaini, nani angesikia kitu? Mwanafunzi wa solo na ajue kuwa pumziko ni sehemu ya muziki. Msemaji asiyevuta pumzi huchosha hata akiwa na maneno mazuri.

Jambo la pili ni kuvuta uzi. Mpigaji hubonyeza uzi, huupiga, kisha huusukuma kwa ubavu juu ya shingo ya gitaa, na sauti hupanda bila kidole kuhama freti. Kwa kawaida sauti hupandishwa nusu toni au toni nzima. Gilmour mara nyingine huivuta mbali zaidi ya hapo, kama asikiavyo mtu katika solo ya Another Brick in the Wall, sehemu ya pili. Ufundi huu unathaminiwa kwa sababu sauti ya mwanadamu haipandi kama mtu apandaye ngazi. Mtu anapolia, anapoita, anapoomba, sauti yake huteleza kutoka chini hadi juu. Uzi unaovutwa vizuri hufanana na koo.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Uzi uliovutwa pungufu kidogo, au kuzidi kidogo, humkera hata msikilizaji asiyejua jina la noti yoyote. Freti haikusaidii tena. Mwamuzi ni sikio peke yake. Kwa hiyo mwanafunzi apige kwanza ile noti anayotaka kuifikia, freti mbili mbele. Aisikilize. Aiimbe kwa mdomo. Kisha arudi nyuma na kuuvuta uzi mpaka ukutane na sauti ile aliyoiimba. Akishafika, ndipo autetemeshe uzi polepole, kwa mwendo uliotulia, na si kwa papara ya mtu anayetetemeka baridi. Zoezi hili la dakika kumi kila siku lina faida kuliko saa nzima ya kukimbiza skeli.

Jambo la tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuchagua. Wimbo Comfortably Numb wa mwaka 1979 una solo mbili, na ile ya mwisho hutajwa mara nyingi miongoni mwa solo bora kabisa za muziki wa roki. Wengi hudhani kuwa ilishuka yote kwa mkupuo mmoja. La hasha! Gilmour mwenyewe amesimulia kwamba alipiga studioni solo tano au sita, kisha akaketi kuzisikiliza zote. Alichukua karatasi, akagawa wimbo kwa vipimo, akaweka alama mahali palipokuwa pazuri katika kila solo. Baada ya hapo akaviunganisha vile vipande vizuri mpaka vikawa usemi mmoja. Kilichobaki kikaachwa.

Fikirini uzito wa jambo hilo. Fundi mwenye jina kubwa alikubali kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mikono yake haikustahili kusikiwa. Aliiacha bila kinyongo, ili wimbo upate kilicho bora. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya solo ile imejengwa juu ya skeli ya noti tano, ileile ambayo mwanafunzi wa gitaa hufundishwa miezi yake ya kwanza. Maneno yake ni machache na ni ya kila mtu. Utajiri umo katika namna ya kuyapanga. Kwa hiyo kijana asiseme, "Sijui skeli za kutosha." Huenda anazijua tayari. Bado hajajifunza kuchagua.

Kuna watakaopinga, na hoja zao zina haki ya kusikilizwa. Wa kwanza atasema kwamba haya ni maneno ya kuwafariji wavivu, maana wapo mafundi wakubwa wenye kasi ya ajabu, kama Mmarekani Eddie Van Halen, aliyefariki mwaka 2020. Ni kweli, na kasi si dhambi. Kasi ni kama sauti kubwa kwa msemaji: humfaa aliye na jambo la kusema, na humuumbua asiye nalo. Tena asidhani kuwa upole ni wepesi. Noti moja inayolia peke yake sekunde nne haina mahali pa kujificha. Kosa lililomo husikika na kila mtu.

Wa pili atasema kwamba siri ya Gilmour ni vyombo vya bei mbaya. Atatukumbusha kuwa gitaa lake jeusi la Fender Stratocaster liliuzwa kwa mnada wa Christie's, New York, mwezi Juni 2019, kwa dola 3,975,000. Ndiyo, liliuzwa kwa bei hiyo, na fedha za mnada ule alizitoa kwa shirika la ClientEarth linalotetea mazingira. Lakini gitaa lile alilinunua mwaka 1970 katika duka la vyombo vya muziki jijini humo, likiwa gitaa la kiwandani kama mengine. Miaka mingi ya kazi ndiyo iliyolipa thamani. Nakubali jambo moja: gitaa kavu lenye nyuzi nene ni gumu kuvutika, na kijana asiumize vidole vyake akilazimisha toni nzima. Avute nusu toni, au ateleze kidole kutoka freti moja hadi nyingine. Sikio litajifunza lilelile.

Kwa nini nalisemea jambo hili kwa nguvu hivi? Kwa sababu kipimo kibaya kinawavunja watu moyo. Kijana amenunuliwa gitaa na mzazi aliyejinyima. Anafungua simu na kutazama video za watoto wa miaka kumi ambao vidole vyao havionekani kwa kasi. Anajipima nao, anajiona si kitu, na baada ya miezi gitaa linaning'inia ukutani likikusanya vumbi. Mwingine havunjiki moyo, bali anaharibika kwa upande wa pili: anapata kasi, kisha haachi nafasi kwa yeyote. Mwimbaji anaimba, yeye anajaza; mwenzake anaanza solo, yeye anaingilia. Wote wawili wamedanganywa na kipimo kilekile. Yule wa kwanza alikuwa na jambo la kusema, akanyamazishwa. Huyu wa pili anasema sana, na hakuna anayemsikia.

Basi, kijana msomaji, na wewe mzazi unayemsikia akijaribu chumbani, fanyeni hivi juma hili. Achague kifungu kimoja cha solo, noti nne au tano tu. Akisikilize mpaka aweze kukiimba bila santuri wala simu. Akitafute juu ya uzi mmoja, kisha mahali pengine pa shingo ya gitaa. Akishakijua, atengeneze cha kwake kwa noti hizohizo. Kisha ajirekodi kwa simu mara sita, aziache rekodi zilale mpaka kesho yake, azisikilize na karatasi mkononi kama alivyofanya Gilmour, na kuweka alama mahali palipomgusa. Akipata vipimo viwili tu vizuri katika zote sita, ashukuru, maana amepata pa kuanzia. Vingine avifute.

Na mzazi, usimwulize ameweza kukimbia kiasi gani. Mwambie akuimbie kwanza kile anachotaka kukipiga. Akiweza kukiimba, gitaa litafuata.

Nawatakieni nyote juma jema, lenye masikio yaliyo tayari kusikiliza.