Kabla ya kuamini majibu ya maji, uliza sampuli ilichukuliwaje

Mzazi wa Singida, ukiona meno ya mwanao yana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, usimgombeze. Mara nyingi ni madini ya floraidi kwenye maji ya kunywa, nayo huharibu jino likiwa bado linajengeka ndani ya fizi, mtoto akiwa na umri chini ya miaka 8.

Kwa hiyo visima virefu vya Mwankoko, vinavyolisha mji wa Singida pamoja na vile vya Irao, si habari ya wahandisi peke yao. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4, kisha ikashuka hadi 1.5. Maana yake, kisima kilichoitwa salama zamani kinaweza kufeli leo bila maji yake kubadilika hata kidogo.

Kipimo kikibana hivyo, namna ya kuchota inakuwa na uzito. Maji yaliyolala ndani ya bomba la kisima si yale yaliyomo kwenye mwamba. Katika kisima cha uangalizi, ambacho hakivutwi kila siku, mtaalamu hupima kwanza kina cha maji, kisha huvuta na kumwaga, kwa kawaida mara tatu ya ujazo uliomo, mpaka joto, pH na kipimo cha chumvi vitulie. Ndipo hujaza chupa. Ya floraidi huwa ya plastiki. Ya vijidudu huwa imetakaswa maabara, haisuuzwi, mdomo wake hauguswi, na husafiri kwenye barafu ifike ndani ya saa 24. Chupa ya soda iliyooshwa jikoni haifai, hata ikinukia sabuni. Hasa ikinukia sabuni.

Tena sampuli moja haitoshi. Kisima kifupi kilicho karibu na choo kinaweza kuonekana safi kiangazi, kisha mvua zikaingiza nitrati na vijidudu. Nitrati nyingi ni hatari kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo: damu hushindwa kubeba oksijeni, midomo ikawa ya bluu. Ukiona hivyo, kimbia hospitali.

Endelea kuchemsha maji, kwani vijidudu hufa. Lakini floraidi na nitrati hubaki sufuriani, na maji yakipungua huzidi kukolea.

Ukiambiwa maji ni salama, omba namba: floraidi ngapi, kisima kipi, tarehe gani, nani alichota. Mwenye kisima cha nyumbani aende maabara ya maji kuchukua chupa na maelekezo kabla ya kuchota. Floraidi ikizidi, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi na kuchemshwa yawekwe kando kwa ajili ya kinywaji na uji wa mtoto. Ya kisima yafulie nguo.